Mzee Nukta, Aliyefuta Nyota kwa Kalamu Nyekundu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliotoka kiwanda cha uchapaji, poleni. Mimi ni dada mdogo wa marehemu. Nimepewa kusoma haya kwa sababu sauti yangu inafika nyuma bila kipaza sauti, na kwa sababu wengine wote waliogopa kuyaandika. Marehemu alisahihisha maandishi ya watu maisha yake yote, na hakuna aliyetaka kumsindikiza na makosa.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mabasi ambako baba yetu alikuwa akikata tiketi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Mama alitusimulia kwamba alijifunza kusoma kwa vibao vya mabasi, na kabla hata hajaanza shule aliwabishia makondakta kwamba jina la mji limekosewa herufi. Kofi alilipata, lakini kibao kilirekebishwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza sekondari mwaka 1970. Hesabu zilimpiga chenga, ila lugha aliishika barabara. Mwaka 1972 alihitimu chuo cha uchapaji, akaajiriwa kiwandani kama msahihishaji. Huko wakambandika jina la Mzee Nukta akiwa kijana wa miaka ishirini na moja, kwa sababu nukta moja ikikosekana alikuwa haruhusu mashine ziwashwe.

Mwaka 1974 aliletewa kurasa za kitabu cha sayansi cha shule azipitie kabla ya kuchapwa. Ukurasa mmoja ulikuwa mweusi, umejaa vidoa vyeupe. Marehemu akadhani ni vumbi limeingia kwenye bamba la kuchapia. Akazungushia kila kidoa wino mwekundu, akaandika pembeni, "Futa." Fundi wa mabamba naye akafuta kila kimoja. Siku chache baadaye mwandishi wa kitabu, mwalimu mmoja mpole, akaingia ofisini na ukurasa mweusi tii mkononi.

"Kijana," akasema, "umenifutia nyota."

"Nilidhani ni uchafu, mwalimu."

"Kila kidoa pale ni jua. Na huenda kila jua lina dunia zake, na huko nako yuko mtu kama wewe, anafuta asichokijua."

Ukurasa ulitengenezwa upya, na mwalimu akaondoka bila kinyongo. Aliyebaki na kazi ya kuwaza ni kaka yangu. Tangu siku hiyo hakutoka nje jioni bila kuinua kichwa, na kila kitabu cha anga kilichopita kiwandani alikisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa mshahara na ya pili kwa raha yake. Alituuliza mezani, "Nimefuta majua mangapi kwa kalamu moja, na hakuna aliyestuka? Basi huko ni kukubwa kiasi gani, jamani?" Sisi tulikuwa tunakula. Leo ningetamani aniulize tena.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979 na wifi yangu huyu, fundi wa kushona sare za shule, wakajaliwa mabinti wawili. Walipendana sana, na walibishana sana. Wifi alishikilia kwamba huko juu hakuna mtu. "Wangekuwepo wangeshabisha hodi," alisema.

"Mjomba wako naye mwaka wa saba huu hajabisha hodi," marehemu akamjibu. "Kwani amekufa?"

Kisha akamletea sarufi. "Mimi sisemi wapo, maana sijawaona. Sisemi wamo, maana mlango wao siujui. Nasema wako. Neno hilo ni la mahali pasipoonekana kwa macho." Wifi akatunga uzi kwenye sindano, akamwambia sarufi haijawahi kuzaa mtu. Ubishi huo waliendelea nao hata baada ya marehemu kustaafu, mwaka 2011.

Mwanzoni mwa 2023 moyo ulianza kumsumbua. Miguu ikavimba, ngazi za nyumbani zikamshinda, akalazwa mara tatu. Wodini alimwomba muuguzi kalamu arekebishe tangazo la mlangoni, na muuguzi akampa. Alipoona hali inazidi, alimgeukia wifi nikiwa nimekaa palepale.

"Mke wangu, miaka yote hii. Nipe neno moja tu. Sema wako."

Wifi akamfunika miguu kwa shuka. "Pona kwanza, ndipo nitasema."

Nilijua kwa nini anakataa. Alimjua mumewe kwamba si mtu wa kuondoka katikati ya ubishi. Lakini safari hii aliondoka, asubuhi ya tarehe 14 Juni 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa wifi, na neno lile hakulisikia. Katika msiba huu wote, hilo ndilo lililomchoma wifi zaidi.

Juzi vijana wa kiwandani walileta nyumbani programu ya leo ikaguliwe. Chini ya picha walikuwa wameandika, "Mpendwa wetu hayupo tena." Wifi, ambaye hakuwahi kugusa kazi ya mumewe, aliomba kalamu nyekundu. Akakata maneno mawili ya mwisho, akaandika moja juu yake. Vijana wakamuuliza kama ana uhakika.

"Chapeni hivyohivyo," akasema. "Mwenyewe angeelewa."

Tazameni programu mlizoshika. Imeandikwa, "Mpendwa wetu yuko."

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano na sisi ndugu zake watatu tuliobaki. Ameacha pia wale wengine wa huko juu aliowatetea miaka yote, ambao habari hii itachelewa kuwafikia.

Kaka yetu apumzike kwa amani huko aliko.