Tarehe Aliyoanza Kuugua

Ndugu waombolezaji, marehemu ndiye aliyeniachia ziwa, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la kazini la Bwana Tena, nami naomba mnivumilie nikipotea mstari, kwa maana karatasi hii imefutwa na kuandikwa upya tangu juzi.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba yetu seremala na mama yetu fundi cherehani, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana, na alianza shule ya msingi Januari 1968, akiwa mchangamfu na mtundu kama sisi wengine.

Alianza kuugua Ijumaa, tarehe 9 Oktoba 1970. Najua mnatazamana, kwa kuwa ugonjwa huwa unasomwa mwishoni, na hata mimi nilikuwa nimeuandika huko mwishoni, lakini shemeji yangu, mjane wa marehemu, alichukua kalamu akaufuta, akaurudisha hapa. Siku hiyo lori la mbao liliharibika njiani, baba akachelewa kwa muda wa saa tatu, kaka akamngoja getini akitetemeka, na tangu hapo akawa anasimama getini kila jioni mpaka baba atokee, tumbo likimkata, nasi tukamsifu kwamba ana mapenzi na mzazi wake.

Alisoma sekondari kuanzia 1976 hadi 1979, akamaliza akiwa wa kwanza darasani, na matokeo yalipotoka alilala kitandani wiki tano akiutazama ukuta, hataki kula wala kuoga. Ule ugonjwa wa getini ulikuwa umepata mwenzake, ila sisi tulisema ufaulu umemtia maringo, na mimi ndiye niliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tarehe 4 Januari 1983 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani, akizunguka madukani na sanduku lake la mawe ya kupimia ya shaba, na kila alipomaliza kupima alisema tupime tena, wenye maduka wakachoka, wakampa jina, lakini kwa miaka thelathini na sita hakuna mizani aliyoipitisha ikaja kuonekana ina kasoro. Kila jioni ofisi ilipofungwa alifika kona ya barabara, akarudi kutikisa kufuli, akaondoka, akarudi, na wenzake walicheka, naye akacheka nao, huku jasho likimtoka.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Agosti 1992, na karani wa posta, ambaye ni shemeji yangu huyu, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume mwaka 1994, wa kiume 1998, na kitinda mimba wa kike 2005. Ndani ya ndoa hiyo magonjwa yake yakawa yanapokezana, na baadaye yakaja pamoja, asubuhi moja ule wa kwanza unamwambia kuna jambo baya litatokea akiwa hayupo, wa pili unamwambia hata akiwepo hana faida, na shemeji alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi, saa nzima.

Mwaka 2007, akiwa na miaka arobaini na sita, alipata daktari aliyempa majina ya maradhi yake, wasiwasi uliopindukia na sonona, akamweleza kwamba ugonjwa wa kwanza ulianza utotoni na kuufungulia wa pili mlango, akampa dawa na mazungumzo kila Alhamisi. Ikafuata miaka mitano mizuri, kaka alikuwa akipiga mluzi akichana nywele. Mwaka 2012 nilimtembelea, nikaona vidonge mezani, nikamwambia, "Mtu mzima mwenye watoto, unakunywa dawa za mawazo?" Aliviacha wiki hiyo, hakuniambia, na ilichukua miaka mitatu migumu hadi shemeji alipomrudisha kwa daktari. Ninayesoma ndiye niliyesema, naomba mlijue hilo kutoka kwangu.

Tarehe 2 Juni 2019 alilazwa kwa homa ya mapafu, na siku moja kabla hajafariki alinishika mkono, akasema, "Mkiandika, msiandike mapafu peke yake. Nyumbani kwangu kuna mtu anasimama getini." Alifariki Alhamisi, tarehe 13 Juni 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Anayesimama getini ni binti yake, ana miaka kumi na minne, na jana nilimwuliza kama niiruke sehemu hii, akanijibu, "Soma, baba mdogo." Jumatatu ana miadi na daktari yuleyule, ninampeleka mimi mwenyewe, na hakuna wa ukoo huu atakayemwambia ana maringo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, daktari wa Alhamisi kwa namna ya pekee, majirani waliokesha nasi, wakaguzi wenzake waliobeba jeneza, na wenye maduka mliofunga leo mkaja.

Kaka, tulipotoka nyumbani kwako asubuhi hii nilifunga mlango mimi, nikafika kona, nikarudi, nikatikisa kufuli. Limefunga. Pumzika kwa amani.