Wageni Waanze na Viazi: Mama Kui Anastaafu

Ijumaa, tarehe 27 Februari 2026, Bi. Virginia Waithera Njogu, jina ambalo hakuna anayelitumia isipokuwa benki, anastaafu baada ya miaka kumi na tisa katika ofisi ya Kampeni ya Vifungu Vitatu hapa Kitengela. Kwetu sisi ni Mama Kui. Alipaswa kuondoka alipofikisha sitini, lakini kila mwaka alisema anangoja sheria ibadilike kwanza, na kila mwaka sheria ikangoja yeye aondoke. Sasa ameamua kuiachia ushindi huo mdogo.

Kwa msomaji anayelipata jarida hili kwa mara ya kwanza: vifungu vyenyewe ni vile vya Kanuni ya Adhabu vinavyomfanya mhalifu mwanamke anayeavya mimba, mtu anayemsaidia na mtu anayempa dawa au vifaa. Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu mhudumu wa afya aliyehitimu kumsaidia mwanamke ambaye maisha au afya yake imo hatarini. Vifungu havikusoma Katiba. Vipo pale pale, na kazi yetu ni kuviondoa.

Mama Kui alikuja mwaka 2007 kutoka kwenye biashara ya kupikia harusi na matanga. Mkurugenzi wetu wa kwanza, Elphas Omolo, anasema alimwajiri kwa sababu ndiye peke yake katika mahojiano aliyeuliza wageni watakula nini. Alipewa cheo cha Afisa wa Uhusiano wa Kimataifa, pamoja na kadi mia mbili zenye cheo hicho. Nyingi ya kadi hizo bado ziko ofisini, zimekunjwa chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Kanuni yake ilikuwa moja. Mgeni aliyekuja kutuunga mkono, awe profesa au mbunge, aanze na viazi. Watu walitua kutoka Argentina, Ireland, Poland na Uganda wakiwa na hotuba mkononi, na kabla ya hotuba wakapewa kisu na karai. Mama Kui aliamini kwamba mtu hawezi kukudharau mkiwa mnamenya pamoja. Pia chakula cha mchana kilikuwa lazima kiive.

Mshikamano wa kimataifa, kama unavyoitwa kwenye ripoti zetu, ulipitia mikononi mwake ukatoka na harufu ya vitunguu. Wenzetu wa Argentina walipotutumia katoni ya vitambaa vya kijani, alama ya kampeni yao iliyofaulu mwaka 2020, vilifika miezi michache kabla ya uchaguzi wetu. Tulipovivaa sokoni Kitengela, watu walituuliza mgombea wetu ni nani na unga unagawiwa wapi. Mama Kui alivirudisha ofisini, akavitumia kufunikia chapati. Profesa Graciela, aliyeleta vingine mwenyewe kutoka Buenos Aires, alikuta kimoja juu ya hotipoti, akakipiga picha. Kwao picha ile iliwagusa wengi. Huku ilitumika kujua nani alimaliza chapati.

Halafu kuna sala. Katika Kajiado hakuna mkutano unaoanza bila sala, hata mkutano wa watu walioambiwa Jumapili iliyopita kwamba wataungua. Sala ya kufungua ilikuwa ya Mama Kui, nayo ilikuwa fupi: "Mungu, unatujua. Amina." Ya kufunga hupewa mgeni. Orla, wakili kutoka Ireland ambaye hajasali tangu utotoni, aliombwa afunge kikao cha asubuhi. Aliinuka, akawa mwekundu, akatoa sala pekee aliyoikumbuka, ya kubariki chakula. Ukumbi mzima ukageuka kutazama jikoni. Mama Kui hakusita. Siku hiyo tulikula saa nne na nusu.

Mhubiri mmoja wa mjini alimtaja kwa jina kwenye mahubiri, mara mbili. Mara ya pili Mama Kui alikuwa amekaa safu ya mbele. Baada ya ibada alimsalimia, akamuuliza kama spika zake na mahema yako huru wiki inayofuata, maana tulikuwa na mkutano wa hadhara. Yalikuwa huru. Mhubiri mwenyewe alikuja kufunga nyaya, akatuombea mvua isinyeshe.

Wala hakupokea tu. Mwaka 2021 alikwenda Poland kuandamana na kina mama wa huko, akasimama kwenye theluji amejifunga leso juu ya koti, na baada ya muda akauliza chai ya watu hawa wote iko wapi. Haikuwepo. Wenyeji wanasimulia kwamba kabla ya hotuba ya tatu alikuwa ameshapata jiko la mgahawa wa jirani na watu sita wa kubeba sufuria. Hakujua neno la Kipolandi.

Kama mkalimani, tuseme ukweli, alikuwa hatari. Hotuba ya dakika ishirini aliigeuza kuwa "Anasema asante, na kwao pia kuna shida." Akiulizwa mengine yameenda wapi, alijibu kwamba ameyaweka. Mara moja tu katika miaka kumi na tisa alitafsiri kila neno, na hiyo ndiyo sababu ya waraka huu kuwa mrefu kuliko alivyoagiza.

Ilikuwa Julai 2023. Nasieku Kisemei, nesi wa kliniki moja ya hapa mjini, alimtibu mwanafunzi aliyeletwa akivuja damu. Mwanafunzi alipona. Nesi alikamatwa, akashtakiwa kwa kuavya mimba katika mahakama ya Kajiado. Hakimu alikubali aachiliwe kwa dhamana, kwa sharti apatikane mdhamini mmoja Mkenya mwenye hati ya shamba. Mpaka apatikane, angekaa rumande.

Dunia iliitika. Barua zilikuja kutoka nchi ambazo baadhi yetu tulizitafuta kwenye ramani. Dublin waliwasha mishumaa. Orla na Graciela, waliokuwa Nairobi kwa kongamano, walifika Kitengela asubuhi iliyofuata, Graciela akiwa na ngoma, tayari kuandamana langoni mwa mahakama. Mama Kui aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ngoma iko na shamba?" akauliza.

Hapo ndipo tulipokwama. Sisi sote wa ofisini ni watu wa Kitengela, yaani tuna ploti, tuna risiti za ploti, na tunangoja hati kama wengine wanavyongoja Masihi. Mtu wa karibu mwenye hati alikuwa mmoja: baba yake Nasieku, Mzee Kisemei, mfugaji na mzee wa kanisa upande wa Ilbisil. Wakili wa Nasieku alikuwa amemwendea. Mzee alimjibu kwamba yeye hana msichana nesi, akafunga lango.

Mama Kui alipanga safari ya Jumatano, magari mawili, watu tisa pamoja na wageni wawili. Hajawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu, kwa hiyo walisimama Isinya kununua sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia na blanketi mbili. Barabara ya ndani ina vumbi, wakajifunga vile vitambaa vya kijani kichwani. Ngoma ilikuwa magotini mwa Graciela kwa sababu hakuna aliyemwambia aiache. Pale Ilbisil waliuliza njia kwa mama mwenye duka.

Mama wa duka aliona magari mawili, kina mama wenye sare, sukari, blanketi, ngoma na wazungu wawili. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alipiga simu mbele yao, kwa Kimaasai: Kisemei, jitayarishe, wazungu wanakuja kuposa. Mzee alikuwa na binti mwingine, mdogo, aliyekuwa chuo cha ualimu.

Kwa hiyo walipofika, lango lilikuwa wazi. Mzee alikuwa amevaa shuka mpya. Wazee watatu wa rika lake walikuwa wameshaketi, chai ilikuwa tayari, na mbuzi alikuwa motoni. Orla alituambia baadaye kwamba hajawahi kupokewa vizuri namna ile na mtu anayempinga.

Mmoja wetu aling'amua kosa akataka kulirekebisha pale langoni. Mama Kui akamkanyaga mguu. Ameketi kwenye posa nyingi za kwao Ukikuyuni, na anajua mwenye boma hafukuzi wageni ambao mbuzi wao yuko motoni. Aliacha chai inywewe. Mzee alipouliza, kwa heshima zote, wageni wametumwa na familia gani, akamjibu bila kuzunguka.

"Baba Nasieku, hatujakuja kuoa. Tumekuja juu ya msichana wako. Ako rumande, na hakuna mtu wa kumsimamia."

Mzee alitazama kikombe chake. "Mimi siko na msichana nesi."

Mzee Katoo, wa rika lake, alikohoa. "Kisemei, hawa wamekuja na ndege. Wewe hata boda umekosa?"

"Na huyu mbuzi," akauliza mwingine, "tunakula ama tunamrudisha kwa wenzake?"

Mwenye boma hakucheka. Alimnyooshea Orla kidole. "Muulize. Mtoto wangu ni nani yake?"

Orla alijibu polepole. Alisema alipoanza kazi hii, baba yake alitangaza kwamba hana binti. Alingoja ampigie simu. Kila Krismasi alingoja. Habari za kifo chake alizipata kwa jirani, na kwenye mazishi alikaa nyuma kabisa, na majirani. Alisema Nasieku si ndugu yake, lakini anajua kule nyuma kunavyokaliwa.

Mama Kui alitafsiri sentensi kwa sentensi. Hakupunguza, wala hakusema anasema asante.

Mzee Kisemei aliinuka. Aligawa nyama, akawasindikiza wageni mpaka kwenye magari, akaenda zake. Njiani wenzetu waliamini wameshindwa. Mama Kui peke yake alikuwa amelegea kitini. "Amebaki na sukari," alisema. Mtu anayekataa posa hurudisha vitu.

Ijumaa asubuhi Mzee alikuwa kwenye ukumbi wa mahakama Kajiado, hati ya shamba ndani ya mfuko wa plastiki. Karani alimuuliza uhusiano wake na mshtakiwa. "Ni msichana wangu," alisema, kwa sauti iliyowafanya hata waliokuja kwa kesi za ng'ombe wainue macho. Nasieku alitoka jioni. Baba yake alimuuliza kama amekula, wakapanda boda moja, mzee katikati.

Mahakama ilimwachilia huru Machi 2025. Leo anatibu watu tena. Husema zile barua zilimfanya alale, na baba ndiye aliyemtoa, na kwamba asingependa kuchagua kati ya hayo mawili. Ngoma ya Graciela iko ofisini, chini ya vitambaa. Vifungu vitatu navyo bado viko kwenye vitabu, na hilo sasa ni tatizo la sisi tunaobaki.

Tunamshukuru Mama Kui kwa chakula, kwa wageni na kwa kukanyaga miguu yetu wakati wa haja. Tunamtakia uzee wenye afya, magoti yasiyouma, na hati ya ile ploti yake, Mungu akipenda, akiwa bado anaweza kuisoma.

Sherehe itaanza saa sita. Sala ya kufunga itatolewa na Mzee Kisemei, ambaye hajawahi kusema kwamba anakubaliana nasi, na ambaye ameombwa awe mfupi. Amejibu kwamba atafika mapema. Amesikia kuna viazi.