Vifuu vya Samaki Vilivyonipeleka Kambini

Assalamu alaykum, ndugu zangu! Alhamdulillahi, nimesimama hapa kwa miguu yangu mwenyewe. Kina mama mlio nyuma ya pazia, nawaomba mnisikilize mpaka mwisho. Mdomo wangu mnaujua, lakini leo sikuja kugombana.

Nilikuwa nauza muhogo na samaki wa kukaanga pale mtaa wa Badjanani, njia ya kushukia bandarini. Ni wakati ule askari wa kizungu wa kukodiwa walipoishika nchi yetu. Biashara ilikuwa imekufa, ndugu zangu. Makuli wa bandarini walinipita mlangoni kama vile napika mawe. Shule sikusoma, lakini kichwa changu hakitulii. Nikamwomba mjomba wangu wa Mutsamudu, fundi wa kuchonga, anikatie vipande vya kifuu cha nazi, vidogo kama vifungo vya koti, kila kimoja kimechomwa alama ya samaki. Ukila sahani, nakupa kifuu. Ukifikisha saba, sahani inayofuata unakula bure.

Wallahi, watu walijaa! Hata aliyeshiba kwake alikuja kula. Makuli walitembea mji mzima vifuu vinagongana mfukoni, wanataniana nani karibu kufikisha. Nikajiona mimi ndiye mimi.

Kumbe askari nao wanapekua mifuko. Wakamsimamisha mtu barabarani, wakakuta vifuu. Wakamsimamisha mwingine, vifuu vilevile. Sokoni wakavikuta, Itsandra wakavikuta. Watu wengi, alama moja! Wale wazungu wakaamua ni chama cha siri, na samaki ndiyo ishara yao. Wakaja kunibeba karai likiwa bado motoni.

Ndugu zangu, kambini kwao nilionja mauti. Niliwaeleza kwamba ni muhogo tu, ni kuvuta wateja tu, wakacheka. Mkubwa wao alitaka jina moja: nani anavichonga? Hapo dunia ikaniwia nyembamba. Nikimtaja mjomba, watavuka bahari mpaka Mutsamudu wamburute mbele ya wanawe. Na mjomba huyo ndiye aliyenilea, baba simjui. Nikamtukana yule mzungu badala ya kujibu. Wakanipiga mpaka sikio hili la kushoto likafa, mpaka leo halisikii. Kisha wakaniambia kesho nitaondolewa pale, na mimi nilijua wanaoondolewa pale hawafiki nyumbani.

Nikasema, Ya Rabi, maneno yangu yote nimeyamaliza. Sema Wewe.

Na Mwenyezi Mungu alisema, lakini kwa kinywa ambacho sikukitarajia! Mlangoni alikuwa analinda askari wao mmoja, mwenyeji mwenzetu, Hassani, kijana wa Itsandra. Mtaani tulimwita mbwa wa wazungu, na mimi nilikuwa namwita hivyo kwa sauti. Alikuwa akija kula kwangu amevaa kiraia, nami nampa sahani bila kumwangalia usoni. Asubuhi ile, walipokuja kunichukua, akaingia, akatia mkono mfukoni, akamwaga vifuu mezani.

"Shefu," akamwambia mkubwa wao, "hata mimi ninavyo. Vimetimia. Huyu ananipa samaki wa bure, basi."

Mzungu akavitazama vifuu, akamtazama yeye. Halafu nikaburutwa, nikatupwa nje ya lango. Hassani wakamzuia ndani.

Ndugu zangu, nilimngoja. Kila siku nilimwekea samaki pembeni, na kila siku samaki yule nilimrudisha motoni akauzwa kwa mwingine. Wazungu wameondoka, wenzake wamerudi makwao. Yeye hakuna aliyemwona, na kaburi hatulijui.

Mama Hassani, najua umekuja. Najua Itsandra watu hawakuitikii salamu, wanasema ulizaa msaliti. Basi natoa ushahidi mbele ya Mungu na mbele ya msikiti mzima: mwanao alijitia mkononi mwao ili mimi nitoke. Mjomba wangu yuko hai kwa ajili yake. Atakayemwita tena mbwa, aje aniambie mimi, kwenye sikio lililobaki.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyenitoa mule. Mtegemeeni Yeye, ndugu zangu, hata mkiwa mahali mnapodhani hana mtu wake ndani. Na kabla hamjavaa viatu mwende zenu, mama yule amekaa karibu na mlango wa wanawake. Anayeniamini aende akamsalimie. Mimi natangulia.