Nani Apime Masikio ya Binti wa Fundi

Kahawa yangu naiuzia mbele ya duka la Kinyozi, na benchi langu halijui kukaa tupu. Asubuhi ile walikuwepo wale wale: Kinyozi mwenyewe akisubiri wateja, Fundi Viatu, na Spika, ambaye zamani alitangaza matamasha kwa kipaza sauti juu ya gari na mpaka leo hajui kuongea polepole. Fundi alikuwa mnyonge. Shule ya serikali anayosoma binti yake imeletewa mtaalamu wa usemi na kusikia, na mwalimu mkuu anataka ruhusa ya mzazi leo hii mtoto apimwe. Vinginevyo anarudia darasa la pili, maana akiulizwa maswali hajibu.

— Apimwe na nani? — akauliza Spika. — Umeuliza ana sifa gani?

— Wanasema ana shahada ya mambo hayo, akafanya kazi chini ya wakubwa wake, ndipo akapewa leseni.

— Leseni ya masikio? Sifa ya kwanza ni sauti, bwana. Mwalimu wa usemi asikike mtaa wa pili. Mimi ningekuwa nimeshaajiriwa zamani.

— Watoto wangehama shule, — nikamwambia huku nikimmiminia.

— Sifa ni kulea, — akasema Kinyozi. — Aliyelea sita anamjua asiyesikia na anayejifanya.

— Basi mpeni kazi mama mkwe wangu, — akadakia Spika. — Yule anasikia sufuria ikifunuliwa nyumba ya tatu. Apewe wilaya nzima.

Tulicheka. Fundi hakucheka.

— Mke wangu anasema mtoto hasikii vizuri. Mwalimu wake anasema ni mkaidi. Na mimi naogopa, jamani. Wakishampima watamwita kiziwi mpaka anaolewa.

— Mwanao anasikia, — akasema Kinyozi. — Nimempima mwenyewe. Kila nikimnyoa namwita kwa nyuma, taratibu kabisa: mama, inua kichwa. Anainua. Leseni ya nini tena?

Fundi akashusha pumzi, kidogo uso ukamrudia. Hapo kulikuwa na dada mmoja, mgeni kwetu, anakunywa kahawa yake amesimama, mkoba miguuni.

— Samahani kaka, — akamwambia Kinyozi. — Ukimwita hivyo, yeye anakuwa anatazama wapi?

Kinyozi akageuka kuangalia dukani kwake. Pale mbele ya kiti kuna kioo kikubwa, mteja anamwona kinyozi mzima mzima, mpaka midomo inavyocheza. Kumbe mtoto alikuwa akimsoma midomo kiooni. Nilimwonea huruma Kinyozi, maana anampenda yule mtoto.

— Wewe ndiye yule wa shuleni? — akauliza Fundi.

— Ndiye mimi.

Fundi akaiacha kahawa yake, akaubeba mkoba wa yule dada.

— Twende nikuonyeshe darasa. Anakaa dawati la nyuma kabisa. Wakaidi ndiko wanakowekwa.