Veikko na Filamu Iliyoongea Sana

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuonyesha filamu katika sinema yetu ya Lumikko, hapa Kemi, Ufini, Bwana Veikko Tiainen anastaafu rasmi leo, tarehe 31 Machi. Kamati ya sherehe ilipomuuliza angependa kusema nini, alijibu, "Si mmeshaniona?" Basi kazi ya kusema imeniangukia mimi muuza kahawa wa hapa sinemani, kwa karatasi hii mliyogawiwa, na asinilaumu.

Veikko alianza akiwa kijana mwenye nywele, enzi za mikanda mizito ya filamu iliyobebwa kwa kukumbatiwa. Hakuna kitu kingine ambacho yeyote kati yetu amewahi kumwona akikikumbatia. Mashine za kisasa zilipokuja alizitazama siku nzima, akasema "haya," akajifundisha mwenyewe kabla mkufunzi hajafika kutoka Oulu. Mkufunzi akanywa kahawa, akala mkate mtamu wa iliki, akarudi zake. Filamu haijawahi kukatika mikononi mwa Veikko, na hilo tunalisema bila utani.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wahenga hawakufika Kemi. Veikko na Tuulikki Härmä, mkatisha tiketi wetu, wanaishi ghorofa moja, mlango kwa mlango. Kwa adabu za kwetu, mtu akisikia jirani anataka kutoka, husubiri nyuma ya mlango mpaka mwenzake ateremke ngazi. Sasa hawa wawili kila mmoja humsubiri mwenzake atangulie, na ndiyo maana wateja wa Lumikko wamezoea kusimama kwenye theluji mbele ya dirisha la tiketi lililofungwa. Meneja alikuwa akimlaumu dereva wa basi, maskini.

Majira ya baridi ya mwaka juzi tuliletewa kichekesho cha mapenzi cha hapa hapa Ufini. Muosha mabasi, mpweke, anakutana kituoni na mwanamke fundi saa, mpweke kama yeye. Hawasemi kitu. Theluji inaanguka. Wanakutana tena. Mwishoni mwanamke anaondoa mkoba wake kwenye benchi ili mwanamume apate pa kukaa, na filamu imekwisha. Ukumbi mzima ulitulia kama uko msibani, na mzee mmoja akatoka ameng'aa uso, akituambia, "Leo nusura nicheke!" Veikko naye akatoa uhakiki mrefu kuliko yote ya maisha yake: "Nzuri. Ila wanaongea sana."

Ilikuwa ionyeshwe wiki moja. Ikaonyeshwa mpaka barafu ya bahari ikayeyuka. Tuulikki kila akifunga dirisha lake aliingia akakaa safu ya nyuma, chini ya chumba cha mashine, na Veikko akaamini kwamba mama wa watu anaipenda. Akamwomba meneja asiiondoe. Meneja alikubali kwa mshtuko wa kusikia sauti yake.

Nilimuuliza Tuulikki kama hachoki. "Nimechoka mpaka basi! Yule muosha mabasi namwota, simpendi hata kidogo. Lakini Veikko anaipenda mno, masikini ya Mungu. Nimwache aonyeshee viti?"

Nikapanda juu kumuuliza Veikko.

"Mimi? Siwezi kuitazama hiyo," alisema. "Nageuza kiti."

Nikashuka bila kusema neno, maana mimi pia ni Mfini, nikaenda kucheka peke yangu jikoni.

Haya, mzaha kando. Keshokutwa Veikko anahamia kwa dada yake huko Kuhmo, msituni, na mizigo imeshafungwa. Hilo linaniuma. Watu hawa wamekunywa kahawa yangu kwenye meza mbili tofauti kwa miaka, kila mmoja akimtazama mwenzake kwenye kioo cha dirisha, na sasa mmoja anakwenda kuzeekea msituni eti kwa sababu ya adabu. Adabu ya namna hiyo mimi naiita ujinga, na nawaita wote wawili kwa jina hilo hilo, kwa mapenzi.

Juzi Tuulikki alikuja kaunta amekunja uso. "Anneli, mwambie asiende."

"Mwambie mwenyewe, dada. Ulimi si unao?"

"Ah, wewe nawe! Hatujazoeana kiasi hicho."

Akakaa akifikiri mpaka kahawa ikapoa. Kisha akasema, "Si wewe unayeandika wasifu wake? Liandike humo."

Nimeandika. Veikko, Tuulikki anasema usiende Kuhmo.

Asante kwa kazi yako, kwa uaminifu wako, na kwa kutotuchosha kwa hotuba hata siku moja. Tunakuombea maisha mema, popote utakapoamua kuyaishi. Hatukulazimishi useme chochote, hatuwezi kukutendea hivyo siku ya sherehe yako. Wenzangu, tuendelee kuinamia karatasi hii kama vile bado tunasoma, na asitazame mtu. Ukumbini humu ni Tuulikki peke yake atakayeinua uso. Veikko, itikia kwa kichwa tu.