Bertha Kihwele na Mashine Iliyokuwa Nzima

Wachungaji, ndugu, jirani na wenzake marehemu wa kazini, poleni kwa safari na kwa baridi hii ya Nyololo. Familia imemtuma Obeid, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake, naye anaomba mmvumilie, maana akinyamaza katikati hataweza kuendelea.

Bertha alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 hapahapa Nyololo, mtoto wa kwanza kati ya sita wa mzee Saulo na mama Lea Kihwele, akasoma shule ya msingi hapa kuanzia 1980 hadi 1986, akamaliza sekondari Iringa mwaka 1990, akasomea uuguzi Mbeya hadi 1994, na kwa ubishi wake akarudi darasani akiwa mama wa watoto wawili, akapata shahada ya afya ya jamii mwaka 2009. Aliolewa na Lugano Mwaisaka tarehe 22 Agosti 1998, kanisani Uyole, Mbeya, wakaishi hukohuko, wakajaliwa Brayson mwaka 2000 na Mercy mwaka 2003.

Kuanzia 2011 alikuwa mtafiti wa msongo wa mawazo, na wengi mlimsikia akieleza jinsi hofu na uchovu wa muda mrefu vinavyoibana mishipa na kuuendesha moyo mbio hata mtu akiwa amelala. Utafiti wake wa mwisho ulikuwa kwenye viwanda vya mbao Mafinga, ambako kundi moja la wafanyakazi lilikaa kimya dakika ishirini kila asubuhi, macho yamefumbwa, likipumua polepole, na kundi la pili likaendelea kama kawaida, wote wakipimwa presha. Wazee wa kanisa walipolalamika kwamba kufumba macho bila kuomba ni dini ngeni, aliwaambia basi rudieni moyoni mstari wa wimbo mnaoupenda, mradi mkae. Wakakaa, na presha za wengi zikashuka.

Yeye alikaa lini? Alimuuguza mama yao hapa Nyololo miaka miwili, huku akisafiri Uyole na Mafinga kila wiki, na hakuna msiba wa ukoo huu ambao hakusimamia jiko.

Kila asubuhi aliijaribu mashine ya presha kwenye mkono wake mwenyewe kwanza. Tangu Aprili 2023 ilimwonyesha mia na themanini kwa mia na kumi, naye akaandika daftarini kwamba mashine inazidisha, akaanza kutumia nyingine kwa wafanyakazi, na ile akamtuma Obeid aipeleke kwa fundi. Mara tatu fundi alisema ni nzima, na mara ya tatu Obeid alirudi akicheka, akimtania dada yake kwamba anabishana na chuma. Hakuuliza imempima nani. Jamani, hakuuliza.

Tarehe 6 Juni 2024 alianguka kiwandani Mafinga akiwafundisha watu kutulia, damu ikavuja kwenye ubongo, akahamishiwa Mbeya, akafariki Jumapili tarehe 9, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, jirani wa Uyole, na wafanyakazi wa viwandani waliofunga mashine zao za mbao ili waje kumzika. Ile ya presha ipo pale mlangoni, na tukitoka makaburini Mercy atampima kila mtu, akianza na akina mama walioko jikoni.

Dada Bertha, jiko la leo lina watu. Kaa. Pumzika kwa amani.