Bonyezeni Kitufe

Sijui kwa nini habari hii niieleze mimi, wakati waliosoma walikuwepo na midomo wanayo. Kila anayekuja kunywa kahawa: bibi, hebu tupe ile ya benchi. Haya, naitoa mara moja tu. Atakayeniuliza tena nitampa kahawa ya jana.

Kijiwe chetu kiko kwenye kona, mkabala na jumba la sanaa. Upande wetu kuna birika langu, kibanda cha Kinyozi, Fundi Viatu na nyundo yake, na Honi, aliyeendesha malori miaka thelathini na hajui kusema polepole. Upande wa pili kuna ngazi nyeupe na mlango wa kioo, na miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuupita. Aliyeupita ni mjukuu wangu. Kazi yake humo ni kuhakikisha kila mtu anaingia: wasioona, wasiosikia, wanaotembelea magongo, na sisi wengine ambao shule tuliipitia dirishani. Walimpa chumba kimoja akijaze vitu vya mtaani, kila kitu na maelezo ya mwenyewe. Mwezi mzima alituomba tulete chochote. Tukamwambia tutaleta, kama mtu anavyomwambia mtoto. Siku ya kufungua, wakubwa wangefika saa nne. Wakikuta chumba hakina watu, kingegeuzwa stoo ya fremu, na kazi yake ingeishia hapo. Hilo nililijua. Lakini asubuhi hiyo nilifika na birika langu, benchi letu la kukalia halipo.

— Limeibwa! — Honi akapiga kelele mpaka njiwa wakaruka.

— Nani aibe benchi linaloyumba? — aliuliza Fundi Viatu. Alikuwa amechuchumaa, anazipapasa alama nne za miguu ya benchi ardhini.

— Yule anayejenga ghorofa kule nyuma. Anatafuta mbao za dari.

— Dari kwa mbao tatu? Anajengea kuku?

— Wazee, tulieni, — akasema Kinyozi. — Hawa ni watu wazito. Kuna matajiri wananunua mbao zilizokaliwa. Wana mashine inapima maongezi. Mbao ikisikia maneno mengi inabadilika ndani, inakuwa kama dhahabu.

— Nani kakuambia?

— Mteja.

— Mteja gani?

— Mmoja hivi, mwenye kichwa kikubwa.

— Basi la kwetu limejaa, — akasema Fundi Viatu. — Honi peke yake kalitia tani mbili.

— Cheka tu! — Honi akamjia juu. — Mimi alfajiri nilisikia lori. Gia ya pili, dereva mbovu. Lile limeshafika bandarini, linapakiwa.

— Hasa! — Kinyozi akadaka. — Limeshapakiwa. Saa hizi liko majini, kuna mfalme analisubiri, mgongo unamuuma. Tusihangaike, wazee wangu. Tukae tu, tunywe kahawa.

— Tukae wapi? — nikamwuliza.

Ndipo nikamtazama vizuri. Huyu hufungua kibanda saa tano, tena macho yamevimba. Leo kaamka kabla yangu, na kavaa tai.

— Na hiyo tai ya nini?

— Baridi, bibi.

Jua lilikuwa linatuchoma visogo.

Mara mjukuu wangu huyo, anavuka barabara mbio, kitambulisho kinampiga kifuani.

— Shikamoo bibi! Shikamooni wazee! Mbona bado mko huku? Saa nne kasorobo, wakubwa wako njiani, chumba hakina mtu!

— Marahaba, mwanangu, — akasema Honi. — Leo picha zitatusamehe. Tumeibiwa.

— Mmeibiwa nini?

— Benchi!

Akatutazama mmoja mmoja.

— Si mlilitoa wenyewe? Liko chumbani kwangu. Nimeambiwa wazee wote wamekubali.

Nyundo ya Fundi Viatu ikabaki hewani.

— Nani kakuambia? — nikauliza.

Kinyozi akakohoa kikohozi kirefu kisicho na makohozi. Sasa mjukuu wangu yule nimemlea mimi. Nayajua macho yake yakishapata njia ya kutuvusha barabara.

— Siwaambii, — akasema. — Aliyelileta kaeleza kwa sauti yake mwenyewe, tumeirekodi. Ingieni, bonyezeni kitufe, msikie.

— Mimi nina mteja, — akasema Kinyozi.

— Mteja gani, na kibanda hujafungua! — Honi akamkamata tai. — Twende! Jamani, mwizi wetu kapatikana! Yumo ndani ya kitufe!

Sauti ile ilikuwa ya kupigia lori la mbele. Mtaa mzima ukainuka. Wauza matunda wakafunika meza zao, fundi cherehani akaja na sindano mdomoni, watu waliokuwa wakisubiri basi wakaliacha basi. Fundi Viatu alivaa viatu vya mteja vilivyong'arishwa jana, eti vyake vina tope. Tukapanda ngazi zile nyeupe kama watu wanaodai mahari. Mlinzi alifungua mlango wa kioo, akabaki ameushika, maana hatukuisha kupita.

Chumba kilikuwa na vitu nisivyodhani vina haki ya kuingia mahali kama pale: sufuria lenye viraka, mkongojo, redio iliyofungwa kwa mpira. Kila kitu na kadi yake, na chini ya maandishi kuna nukta za kupapasa, za wasioona. Katikati, benchi letu. Limezungushiwa kamba nyekundu, nene, kama ng'ombe wa kuuzwa.

Kadi sikuisoma, herufi zake zimebanana. Lakini kitufe hakitaki shule. Nikabonyeza.

"Benchi hili," ikasema sauti ya Kinyozi, kubwa, ya mtu mwenye tai, "nimelitengeneza kwa mikono yangu. Niliingia msituni peke yangu. Nikauchagua mti, nikaulilia kwanza, ndipo nikaukata. Wazee wa mtaa nikawaambia, kaeni, msiniogope."

Chumba kilipasuka kwa kicheko.

— Msitu gani! — Fundi Viatu alikuwa ameshika ukuta. — Wewe na paka mkikutana njiani anapita yeye kwanza!

— Aliulilia mti! — Honi akafuta machozi. — Bonyeza tena, bibi!

Nikabonyeza tena. Watu wakapanga foleni kubonyeza. Dada mmoja asiyesikia akatuuliza kwa mikono tunacheka nini. Mjukuu wangu akamweleza, naye kwa mikono, msitu, mti, kilio na yote. Yule dada akacheka mpaka akaketi sakafuni.

Mimi nikamgeukia Kinyozi.

— Huo msitu wako ulikuwa choo changu. Marehemu mume wangu aling'oa mlango wa choo chetu, akaupigilia miguu. Miezi mitatu tumejisitiri na pazia. Kama ulitaka hadithi, hiyo ilikuwepo, ungeniuliza.

Akainamisha kichwa.

— Bibi, kazi yangu mimi inafagiliwa kila jioni. Nilitaka jina langu likae ukutani hata mara moja.

— Ungeleta wembe wako. Ni wako.

Hapo ndipo wakubwa walipoingia, suti mbele suti nyuma. Mkurugenzi wa jumba akanyanyua kiganja.

— Tafadhali, sauti. Na tusisogelee kamba. Benchi hilo sasa ni kazi ya sanaa.

— Nilikuomba kamba isiwekwe, — akasema mjukuu wangu, mbele ya wote.

— Utaratibu ni utaratibu.

Nyuma yao alikuwa amesimama mzee mmoja wa magongo mawili, si wa mtaa wetu, kijiweni hatujapata kumwona. Jasho linamtiririka. Akasubiri wakubwa wamalize, kwa adabu kabisa, kisha akauliza:

— Samahanini. Mtu akichoka humu ndani, anakaa wapi?

Mkurugenzi akawatazama wakubwa. Wakubwa wakalitazama sufuria.

Mimi nikaifungua ile kamba. Nikaikunja vizuri, nikamkabidhi mkurugenzi mkononi kama mtu anavyorudisha kanga ya kuazima.

— Kaa, ndugu yangu. Shika upande wa kulia, kushoto linaegemea.

Akakaa, benchi likalia. Fundi Viatu akapiga magoti na viatu vyake vya wizi, akakunja kipande cha ngozi, akakisukuma chini ya mguu mfupi. Mama mmoja kati ya wale wakubwa, mnene, mwenye miwani, akajikalisha pembeni ya mzee yule, akashusha pumzi, akabonyeza kitufe. Msitu ukaanza upya. Alicheka hadi miwani ikaanguka.

— Chumba hiki kinabaki, — alisema akiipangusa. — Na binti huyu anabaki nacho. Kamba zote zipelekwe stoo.

Kelele zilizopigwa hapo sijui kuzieleza. Mjukuu wangu alinikumbatia nikamwambia aniachie, ananivunja mbavu. Akaniuliza kama benchi naliacha. Nikamwambia naliacha, ila uongo uondoke. Siku hiyo hiyo nikaingia katika chumba chao kidogo cha kurekodia, nikasimulia choo na pazia. Sasa wageni wakibonyeza, wananisikia mimi.

Kesi ya Kinyozi tuliihukumu wenyewe, kwenye kona, tumesimama. Honi alitaka anyolewe bure hadi kufa, ila kichwa chake hakina unywele. Tukakubaliana jambo moja. Kiti chake kile cha ngozi, kinachozunguka, kilitolewa kibandani na kuwekwa pale benchi lilipokuwa. Tunakikalia kwa zamu, na anayekikalia ndiye anayezungushwa akisema uongo. Wateja wake sasa anawanyoa wamesimama. Wale warefu anawapandia ndoo.